Bendera za Simhat Tora: kisa cha darasa moja kaskazini mwa London

Kisa hiki kilianza na bendera zilizobaki chini ya viti.

Sinagogi ninalolizungumzia liko kaskazini mwa London, si kubwa wala si maarufu. Lina darasa la watoto la Jumapili, na mimi, Mswahili wa Mombasa niliyehamia Uingereza, nafundisha humo kazi za mikono. Kwa miaka mingi darasa lilikuwa likiagiza bendera za karatasi zilizochapwa kwa ajili ya Simhat Tora, sikukuu ya Furaha ya Torati. Zilikuwa na simba wawili walioshika taji, katikati sanduku la Torati lenye vijilango vya kufungua na kufunga, na kijiti cha plastiki ubavuni. Rangi zilikolea, picha zilivutia. Watoto walizipokea mlangoni, wakazipeperusha mzunguko wa kwanza na wa pili, kisha zikaanza kuanguka mojamoja. Usiku ulipokwisha, waliosafisha ukumbi walizizoa na kuzitia kwenye mifuko ya taka.

Mwaka 2024 mzazi mmoja wa kamati aliuliza swali la haki kabisa: ikiwa watoto hawazitaki, mbona tunaendelea kuzinunua? Rabi hakumjibu. Alinigeukia mimi, akaniuliza kama watoto wa miaka mitano hadi tisa wanaweza kuzitengeneza wenyewe, kuanzia kijiti mpaka picha. Nikamwambia wanaweza. Yaliyofuata ndiyo ninayoyachambua hapa, kwa kuwa naamini yatamfaa kila mwalimu anayewaandaa watoto kwa sikukuu, iwe ya dini gani.

Mtoto asiyeweza kubeba gombo

Asiyeijua sikukuu hii aelezwe kwanza. Wayahudi husoma Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, sehemu moja kila wiki mpaka mwaka uzunguke. Siku ya Simhat Tora husomwa sura mbili za mwisho za Kumbukumbu la Torati, Musa anafariki mlimani, na papo hapo hufunguliwa gombo jingine na msomaji anaanza upya na kuumbwa kwa mbingu na nchi. Hapaachwi hata siku moja kati ya mwisho na mwanzo. Nchini Israeli siku hiyo ni tarehe 22 ya mwezi wa Tishri. Kwa Wayahudi wanaoishi nje ni tarehe 23, kwa sababu huko sikukuu huongezewa siku. Usiku, na tena asubuhi yake, magombo yote hutolewa sandukuni na watu hulizunguka jukwaa la kusomea mara saba wakiimba na kucheza. Mizunguko hiyo huitwa hakafoti.

Gombo la Torati ni ngozi iliyoandikwa kwa mkono na kuzungushiwa kwenye miti miwili. Likishavikwa vazi lake la mahameli na mapambo ya fedha, laweza kufika kilo kumi na kupita. Likianguka ni msiba wa jumuiya nzima, na ipo desturi ya walioshuhudia kufunga saumu. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita hakabidhiwi. Yeye husimama katikati ya miguu ya watu wazima, kila mmoja ana gombo kifuani au anangojea zamu yake, na mikono yake mwenyewe ni mitupu. Bendera ni jibu la zamani kwa hali hiyo. Aliyekulia pwani akafuata zefe ya maulidi anaelewa bila kufafanuliwa: mtoto aliyeshika bendera yumo ndani ya msafara, na asiye nayo anautazama ukipita.

Hapo ndipo nilipopata kipimo cha kazi yote. Nilijiuliza maswali mawili kwa kila uamuzi. Je, mtoto ataihesabu kuwa yake? Na je, itamaliza mizunguko saba ikiwa nzima? Uzuri wa kutazama niliuweka nafasi ya tatu, na nilijua kwamba baadhi ya wazazi wangeuweka ya kwanza.

Desturi yenyewe ni ya Wayahudi wa Ulaya ya Kati na Mashariki, wale waitwao Ashkenazi, na habari zake zinapatikana tangu karne ya 17 huko Poland. Baadaye wachapaji walitoa bendera za karatasi za bei ndogo, zenye picha za Musa na Haruni, simba wa Yuda, na watu wakicheza na magombo. Juu ya kijiti lilikuwa likikaa tufaha, na katika tufaha mshumaa. Baada ya taifa la Israeli kuundwa mwaka 1948, bendera za huko zilianza kubeba askari, nembo za nchi na picha za Yerusalemu. Makumbusho ya Eretz Israel jijini Tel Aviv yaliwahi kuziandalia maonyesho, na ukizipanga kwa miaka unaona jambo moja wazi: kila kizazi kimewapa watoto kubeba kile kilichokuwa kimekijaa moyoni. Nilikaa nalo sana jambo hilo, kwa sababu mwaka wetu ulikuwa na mengi moyoni.

Kalenda ilikuwa kali kuliko mkasi

Katika jumuiya inayoshika sheria, siku ya sikukuu hakuna kukata, kubandika kwa gundi, kuandika wala kupaka rangi. Mwalimu wa kawaida husikia hayo akafikiri: basi tutamaliza siku moja kabla. Haiwezekani. Nje ya Israeli siku inayotangulia Simhat Tora ni sikukuu pia, Shemini Atzereti, yenye makatazo yaleyale. Ukirudi nyuma zaidi unaangukia siku za kati za Sikukuu ya Vibanda, ambazo nazo kazi ya kuandika ina mipaka yake. Rabi hakutaka watoto wafanye kazi yao huku watu wazima wakibishana kilichoruhusiwa na kilichokatazwa. Kwa hiyo tulirudi mpaka Jumapili ya tarehe 13 Oktoba, siku iliyofuata Siku ya Upatanisho. Bendera zingekaa kabatini siku kumi na moja kabla ya kupeperushwa usiku wa Alhamisi, tarehe 24.

Makatazo hayo yana tokeo moja ambalo mwalimu mgeni halioni upesi: bendera ikichanika saa mbili usiku haitengenezeki. Hakuna gamu, hakuna sindano, hakuna karatasi ya kunata. Mtoto aliyevunjikiwa na kijiti mzunguko wa tatu atabaki mikono mitupu mizunguko minne iliyobaki. Katika shule nyingine uimara wa kazi ya mtoto ni jambo la kupendeza tu, lakini kwetu lilikuwa sharti, na ndilo lililotuchagulia vifaa.

Vijiti vya mwanzi vya kuchomea mishikaki, ambavyo kila mtu hukimbilia kwa kuwa ni rahisi, nilivikataa moja kwa moja. Vina ncha, na katika usiku huu watoto wadogo hubebwa mabegani mwa baba zao. Kijiti kilichokuwa salama mkononi mwa mtoto aliyesimama chini sasa kiko usawa wa macho ya mtu mzima wa jirani anayerukaruka. Wakubwa walipewa vijiti vya mbao vya duara, unene wa milimita 8 na urefu wa sentimita 40, na wakazipiga msasa ncha zote mbili wao wenyewe. Wadogo walitengeneza vijiti vya gazeti: unalaza ukurasa, unaanza kuuzungusha kwenye penseli kutoka pembeni kwa mshazari, unabana sana, unapaka gundi mwishoni. Kikikauka, kijiti hicho ni kigumu kuliko mtu anavyotarajia, na kikimgonga mtu hakimuumizi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukitengeneza bila msaada. Mmoja wa watoto wa miaka mitano, ambaye siku zote humwita mtu mzima kabla hata hajajaribu, alitengeneza vitatu.

Wadogo walitumia karatasi nene, sentimita 20 kwa 30, na sentimita tatu za upande mmoja zikakunjwa kuzunguka kijiti na kubandikwa kwa gundi nyeupe. Wakubwa walipewa bafta. Kwenye bafta kalamu za nta huchora vizuri, na ukiweka karatasi juu yake ukapitisha pasi ya moto, nta huyeyuka ikaingia katika uzi na rangi haitoki tena. Pasi niliishika mimi. Kila kitu kingine kilikuwa chao, pamoja na mishono ya pindo iliyopinda ambayo mama mmoja aliniomba ruhusa aifumue na kuishona upya. Nilimwomba aiache.

Mama huyohuyo, kwa moyo mwema kabisa, alileta mifuko ya vumbi la kumetameta. Hilo nalo lilikataliwa, na sababu si usafi wa meza. Bendera hizi hupita zikigusana na mavazi ya mahameli ya magombo na shali nyeupe za sala. Vumbi lile likiingia kwenye mahameli halitoki. Kalamu za wino zinazoyeyuka kwa jasho zina hatari hiyohiyo. Kanuni ilikuwa fupi: kisichokauka na kisichoshika hakiingii.

Nini kichorwe

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na hapa ndipo wasaidizi wangu na mimi tulipotofautiana zaidi.

Wao walitaka mfano. Walitaka bendera moja iliyokamilika, nzuri, ibandikwe ukutani ili watoto waone lengo. Ni ombi la busara na walimu wengi hufanya hivyo. Mimi nilipinga, kwa kuwa nimeona mara nyingi kinachotokea: mfano mmoja huzaa nakala kumi na tano, na kila mtoto anaipima nakala yake kwa mfano na kuiona duni. Mtoto anayeona kazi yake kuwa duni haibebi mizunguko saba. Tukakubaliana kwamba badala ya picha watapewa hadithi.

Hadithi ilikuwepo tayari. Kitabu cha Hesabu, sura ya pili, kinaeleza jinsi kabila kumi na mbili zilivyopiga kambi jangwani kuzunguka hema, kila watu chini ya bendera yao: Yuda, Isakari na Zabuloni mashariki, Reubeni, Simeoni na Gadi kusini, Efraimu, Manase na Benyamini magharibi, Dani, Asheri na Naftali kaskazini. Torati yenyewe haisemi bendera hizo zilifananaje. Waalimu wa kale walioandika midrashi, yaani ufafanuzi wao, ya kitabu hicho ndio waliojaza nafasi, wakatoa rangi ya kila moja kufuatana na vito vya kifuani pa kuhani, na picha nyingi kufuatana na baraka za Yakobo. Yuda ni simba juu ya rangi ya mbingu. Isakari ni jua na mwezi juu ya weusi wa wanja. Zabuloni ni jahazi juu ya nyeupe, Dani nyoka, Naftali paa, Asheri mzeituni, Gadi kambi, Benyamini mbwa mwitu juu ya rangi zote kumi na mbili kwa pamoja.

Niliwasimulia hayo tumekaa chini, bila picha hata moja, kisha kila mtoto akachagua kabila lake. Simba walikuwa wengi, jambo ambalo kila mtu alilitegemea. Msichana mmoja alimchagua Benyamini kwa sababu moja tu, kwamba hakutaka kuchagua rangi. Mvulana aliyemchukua Gadi alichora kambi yenye mahema mawili, gari na mvua, kambi aliyoijua yeye kutoka likizo za familia yao. Aliyechagua Dani alichora nyoka mrefu hata akaishiwa na bafta, akamkunja akarudi upande wa nyuma. Mtu mzima mmoja alinong'ona kama nyoka anafaa kuingia ndani ya sinagogi. Rabi alimjibu kwamba nyoka huyo ametajwa katika baraka za Yakobo, na mtoto amesikiliza vizuri. Watoto wa Zabuloni waliniomba niwachoree chombo, na nakiri mkono uliniwasha, maana mtoto wa Mombasa akiambiwa achore jahazi haulizi mara mbili. Niliwaeleza tu tanga hukaa wapi na usukani hukaa wapi. Walichora wenyewe.

Maandishi yalihitaji uangalifu wa aina nyingine. Karatasi yenye jina la Mungu kwa Kiebrania haitupwi. Huhifadhiwa na kuzikwa pamoja na vitabu vitakatifu vilivyochakaa. Bendera ya mtoto ina maisha ya hatari. Hukanyagwa, humwagikiwa maji ya zabibu, huishia chini ya kiti cha gari. Rabi alichagua maneno ambayo yamekuwa yakiandikwa kwenye bendera hizi kwa muda mrefu, *Sisu vesimhu beSimhat Tora*, yaani shangilieni na mfurahi katika Furaha ya Torati. Hayana jina takatifu. Wawili kati ya wakubwa walitaka aya kamili, Kumbukumbu la Torati 33:4, inayosema kwamba Musa alituamuru sheria, urithi wa kusanyiko la Yakobo. Ni aya ambayo kwa mujibu wa Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, mtoto hufundishwa mara tu anapoanza kusema, na imo katika usomaji wa siku hiyohiyo. Waliruhusiwa kwa sharti kwamba bendera hizo zitunzwe kama kitabu.

Jambo dogo la kiufundi ambalo karibu lingetupita: Kiebrania husomwa kuanzia kulia, kwa hiyo kijiti kinakaa kulia kwa msomaji, si kushoto. Wasaidizi waliozoea bendera za Uingereza walikuwa wamekwisha kukunja karatasi kadhaa upande wa kushoto. Mimi, niliyejifunza herufi za Kiarabu chuoni nikiwa mdogo, niliona haraka kwamba maneno yangeanza mbali na kijiti na kuishia yakikigonga. Tulizigeuza kabla ya gundi.

Tufaha na mshumaa

Katika jumuiya yetu kuna bibi mmoja aliyezaliwa Nairobi, baba yake alitoka Lithuania. Ni mtu wa miaka themanini na kitu, na Kiswahili chake ni cha Nairobi ya zamani. Alisikia habari za bendera akanifuata jikoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Naambiwa bendera zimekwisha. Tufaha mtaweka?"

"Tutaweka."

"Na mshumaa?"

"Mshumaa hapana, Bibi."

"Basi hilo ni tunda juu ya kijiti."

Alikuwa na hoja, na sikutaka kuipuuza kwa kuwa ni mzee. Mwanga ndio uliolipa tufaha kazi. Baba yake alikuwa akitoboa tundu juu ya tufaha, anapachika mshumaa mfupi, na watoto wanaingia hakafoti na moto juu ya vichwa vyao. Sheria ya sikukuu yenyewe haikuwa kizuizi, kwani siku hiyo inaruhusiwa kuchukua moto kutoka kwenye moto unaowaka tayari. Kinachokatazwa ni kuwasha mpya. Kizuizi kilikuwa ukumbi wenyewe: karatasi, bafta, magauni ya nailoni, nywele, watu wamebanana. Hapo hapakuwa na mjadala.

Tulipitia njia nyingine moja baada ya nyingine. Taa ndogo za betri zingepaswa kuwashwa kabla ya Shemini Atzereti na kuachwa ziwake mpaka usiku wa pili yake, na zaidi ya hapo betri zake za duara ni hatari kubwa mtoto mdogo akizimeza. Vijiti vya plastiki vinavyong'aa ukivivunja rabi alivikataa, kwa sababu ya kule kuvivunja siku yenyewe. Mwishowe Bibi mwenyewe ndiye aliyetoa jibu baada ya kuwakemea wote waliosema haiwezekani: ndimi za moto za karatasi, nyekundu ndani na rangi ya chungwa nje, zilizosokotwa chini na kupachikwa kwenye tundu lilelile la mshumaa. Jumatano ya tarehe 23, kabla jua halijazama, alikaa na watoto akawaonyesha jinsi ya kusokota. Hakuwakatia hata mmoja. Nilimwangalia nikajua ameelewa kipimo changu kuliko nilivyoweza kukieleza kwenye kamati.

Uzito wa tufaha ulileta shida yake. Hata lile dogo, la gramu mia hivi, likikaa juu ya kijiti linakivuta kifundo cha mkono wa mtoto, na vijiti vya gazeti vilipinda palepale. Kwa hiyo matufaha yalipewa wenye vijiti vya mbao peke yao. Wadogo walilalamika kwa sauti, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Hilo ndilo jambo katika kisa hiki ambalo halikupata suluhisho mwaka huo.

Mwaka wenye majonzi

Mashambulizi ya Hamas dhidi ya Israeli, tarehe 7 Oktoba 2023, yaliangukia Simhat Tora ya huko. Katika waliopoteza maisha walikuwemo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo, na habari zao zilifika nyumbani kwetu kote. Mwaka mmoja baadaye vita vya Gaza vilikuwa vimechukua maelfu kwa maelfu ya roho, watoto wengi mno wakiwemo, na hakuna mtu mzima ndani ya ukumbi wetu aliyeingia na moyo mwepesi. Jumuiya nyingi ziliulizana kama inafaa kucheza.

Kwetu swali lilifika mpaka kwenye bendera. Wazazi wawili walipendekeza, kwa nyakati tofauti, kwamba watoto wachore kitu cha kumbukumbu: mishumaa, utepe, majina. Nawaheshimu waliopendekeza, mmoja wao alikuwa na msiba wa ndugu. Lakini msimamo wangu, ambao rabi aliuunga mkono, ulikuwa kwamba watu wazima wana sala zao, wana hotuba, na mwaka huo waliupanga mzunguko wa kwanza uende kimyakimya bila kucheza. Hayo ni mahali pao pa kuomboleza. Mtoto wa miaka sita akipewa bendera ya maombolezo amepewa tena gombo zito, lile ambalo bendera ilibuniwa ili asilibebe. Mtoto mmoja, bila kuambiwa na mtu, alichora jina la binamu yake pembeni mwa mzeituni wa Asheri. Hakuna aliyemgusa, wala aliyemsifu mbele ya watu.

Usiku wenyewe

Tarehe 14 Oktoba 1663 Samuel Pepys, mwandishi wa shajara mashuhuri wa London, aliingia katika sinagogi la Creechurch Lane siku ya sikukuu hii bila kujua ni siku gani. Aliandika kwamba alishangazwa na vurugu na kicheko alivyovikuta mahali pa ibada. Namwelewa. Ukitazama kutoka mlangoni huoni utaratibu: magombo yanapita, watu wanaimba nyimbo tatu kwa wakati mmoja, peremende zinarushwa, watoto wanapita chini ya mikono. Lakini mtu anayetengeneza kifaa cha usiku huo lazima aipende vurugu hiyo na kuifanyia hesabu.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda kimya, kama ulivyopangwa, watoto wameshika bendera zao wima. Wa pili uliimbwa. Kufikia wa tatu watu walikuwa wanacheza.

Vijiti vya gazeti vilihimili kuliko vya mbao, jambo ambalo sikulitarajia: vile vya mbao viligongwa vikaachia bafta, wakati vya gazeti vilijipinda vikanyooka. Ndimi za karatasi zilianguka nyingi, na matufaha mawili yaliliwa kabla ya mzunguko wa tano. Bendera yenye vijilango, ambayo msichana mmoja wa miaka tisa alisisitiza kuitengeneza kwa kukumbuka zile za kununua, iling'oka mlango mmoja mapema. Akaendelea nayo ikiwa na mlango mmoja, akimfungulia kila aliyepita aone magombo ndani. Mvulana wa nyoka alikabidhi bendera yake kwa baba yake mzunguko wa nne na hakuitaka tena, alikuwa amepata mwanasesere wa gombo la kitambaa na akaliona bora. Si kila mtoto huhitaji bendera, na sioni sababu ya kumlazimisha.

Waliposafisha ukumbi walikuta bendera nne. Siwezi kusema kwamba ni kwa sababu ya kujitengenezea tu. Usiku huo kila mzazi alikuwa karibu na mtoto wake zaidi ya kawaida. Lakini asubuhi ya Ijumaa, watoto wote walipoitwa pamoja mbele ya gombo, taliti, ile shali ya sala, ikatandazwa juu yao na wakasomewa baraka ya Yakobo kutoka Mwanzo 48, bendera nyingi zilikuwa zimerudi pamoja nao, zikisukuma taliti kwa chini hata walioishika pembe wakalazimika kuinyanyua juu zaidi.

Kwa mwaka uliofuata niliandikia kamati mambo machache. Vijiti vya gazeti vitumike kwa wote. Bafta ishonwe mfuko mwembamba wa kijiti badala ya kubandikwa, kazi ambayo watoto wa miaka minane wanaiweza. Matufaha yapewe kila mtoto mkononi, kando ya bendera, na ulimi wa karatasi juu yake, ili wadogo wasikose. Bendera mbili zenye aya ziko katika sanduku la vitabu vilivyochakaa.

Na liko suala la mgeni. Usiku ule waliingia watoto ambao hawakuwepo Jumapili ya kutengeneza, na siku ya sikukuu hawakuweza kuchora chochote. Tulikuwa na bendera chache za akiba, na mlangoni msaidizi alikuwa akimpa kila mgeni iliyokuwa juu. Nimeomba akiba iwe kubwa, ya kabila zote kumi na mbili, itandikwe juu ya meza ya kuingilia, na mtoto mgeni asimuliwe kwa ufupi kisha aachwe achague mwenyewe, hata kama nyuma yake foleni inangoja.